Mandazi ya Matanga ya Mzee Kweyu

Ijumaa hiyo Wavinya aliamka kama siku nyingine zote. Alimpeleka bintiye Mbithe shuleni, akarudi, akafungua kibanda chake cha chipo karibu na lango la ploti yao ya vyumba vya kupanga, akaanza kumenya viazi. Mtaa wenyewe uko kati ya Makadara na Buruburu, ule wa nyumba za chini zilizozingirwa na maghorofa mapya, na anayeujua hahitaji kuelekezwa. Saa tano asubuhi jua lilikuwa limeshaanza kuchoma kikweli. Mbwa walikuwa wamejilaza ndani ya mtaro uliokauka, ndimi nje, na hakuna aliyewafukuza.

Joto la mwaka huo halikuwa la kawaida. Wiki ya tano bila wingu. Watu wa Nairobi, ambao kazi yao ni kulalamikia baridi ya Julai, walinunua feni wote kwa mpigo. Wenye friji waliziwasha mpaka mwisho, na yale maghorofa mapya yakawa yanavuta maji kwa pampu mchana kutwa. Mzigo huo wote ulibebwa na transfoma moja kuukuu iliyowekwa juu ya nguzo mbili pale kona. Kila siku, jua lilipofika pale pabaya, saa nane hivi mchana, transfoma ilinguruma, ikaguna, stima ikapotea. Watoto walipiga kelele, "Imeenda!" Jioni, hewa ilipopoa kidogo, ilirudi, wakapiga kelele tena. Watu walishazoea.

Sasa, Wavinya alikuwa na siri, na siri yenyewe inatia kinyaa.

Mafuta aliyokaangia chipo hayakutoka dukani. Aliletewa na Opicho, fundi wa stima wa mtaani, kijana mwembamba aliyewaunganishia watu nyaya za wizi na kupanda nguzo usiombe. Aliyaleta kwenye mtungi wa njano, ameufunika kwa gunia.

"Mathe, hii kitu ni safi," alimwambia siku ya kwanza, sauti chini. "Haitoi moshi. Haiwi nyeusi. Unapika wiki mbili bila kubadilisha."

"Umeyatoa wapi?"

"Wee pika tu."

Wavinya akapika. Hakuwa mjinga. Mafuta yale yalinuka rangi mbichi na waya uliopata moto, na alijua yametoka wapi kama mtu anavyojua kilichomo chooni bila kuinua kifuniko. Ndiyo maana hakuonja hata kipande. Na Mbithe, msichana wa miaka tisa, mwenye tumbo lisilojua kushiba, alikatazwa kugusa chipo za mama yake. Akigusa, kiboko. Chakula chao wawili kilipikwa ndani, kwa mafuta ya dukani, kwenye sufuria nyingine. Wa nje ndio waliokula ile sumu na kulamba vidole. Mtu wa namna hiyo utamwitaje? Hata hivyo alimpenda mtoto wake. Baba mtu, Kyalo, alikuwa ameshahamia kwa mwanamke mwingine, na duniani Wavinya hakuwa na kitu kingine isipokuwa huyo Mbithe.

Mlango uliotazamana na wa kwake ulikuwa wa Mzee Kweyu. Alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha rangi huko Industrial Area, na kiwanda kikamrudisha nyumbani na mapafu mabovu. Aliishi na bintiye Millicent, na aliishi kwa mashine. Mashine ya oksijeni ilikaa kando ya kitanda, imechomekwa ukutani, na mrija mwembamba ukaenda hadi puani. Ilikuwa na mlio wake. Ssss. Tk. Ssss. Tk. Ukuta kwa ukuta, ploti nzima iliusikia. Stima ikipotea, Millicent alifungua mtungi mdogo wa akiba ambao ulitosha saa nne, tano hivi, mpaka stima irudi.

Ijumaa hiyo haikurudi.

Saa nane kasoro transfoma ililia, ikatoa moshi mweusi, ikapasuka. Mafundi wa stima walikuja siku iliyofuata asubuhi. Mmoja akapanda, akafungua, akachungulia, akatema mate.

"Kavu!" aliwaambia watu waliokusanyika chini. "Hayo mafuta ndiyo huipoza. Mmeyanyonya yote. Na joto hili, na mzigo huu, mlitarajia nini? Kuleta nyingine ni siku nne, tano."

Vijana waliokuwepo waliapa pale pale kwamba wakimpata aliyehusika, watamvisha tairi na kumtia moto. Hawakuwa wakitania. Wavinya alikuwa katikati yao, mikono ndani ya aproni.

Mtungi wa akiba wa Mzee Kweyu ulikuwa umeisha usiku. Millicent alikuwa amepata mwingine, nao ukaisha Jumamosi saa saba. Akatoka mbio kutafuta wa tatu. "Mama Mbithe, tafadhali, nikalie na Baba," alisema, na Wavinya akaingia, akachukua kipande cha boksi, akawa anampepea yule mzee. Chumba kilikuwa cha moto kama karai. Mzee alivuta pumzi kwa shida, mdomo wazi, macho yamemtoka. Mashine ilikuwa kimya.

Kisha aliugeuza uso wake. Akauvuta mkono wa Wavinya, akaunusa. Akanusa tena, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Mama Mbithe," alinong'ona. "Mikono yako inanuka transfoma."

Hiyo ndiyo ilikuwa kauli yake ya mwisho. Millicent alirudi saa tisa na mtungi begani, akamkuta babake ameshakata roho. Wavinya alikuwa bado anapepea.

Matanga yalianza siku hiyo hiyo. Wanakijiji wenzao wa Kakamega waliohamia mjini walimiminika, na watu wa kanisa, na mtaa mzima. Hema lilifungwa katikati ya ploti. Jumapili asubuhi Millicent alikuja kibandani, macho yamevimba.

"Mama Mbithe, watu ni wengi. Chai tutatengeneza sisi. Utatukaangia mandazi? Mkono wako ndio watu wanaupenda."

Wavinya alikubali. Na sikiliza sababu yake: nyuma ya kibanda kulikuwa na mtungi wa njano uliojaa, na askari wa chifu, wanaojua mafuta ya transfoma huishia kwa wakaangaji, walikuwa wameanza kupita vibanda vyote wakinusa karai. Akiyamwaga mtaroni, mtaro ulikuwa mkavu, yangeonekana. Akiuficha mtungi, utapatikana. Akafikiria. Mandazi hunywa mafuta. Ukiyakaanga kwa moto mdogo hunywa zaidi. Watu mia mbili, kila mmoja mandazi matatu.

Akauzika ushahidi ndani ya matumbo ya waombolezaji.

Alikaanga kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, kwa moto wa chini, kwa makusudi. Mandazi yalitoka mazito, yameng'aa, ukiyabonyeza yanatokwa na jasho. Watu walikula. Nani anakataa chakula cha matanga? Walikula wakiimba nyimbo za kanisa, midomo inameremeta, mafuta yanawatiririka mpaka viwikoni. Wakamsifu. Opicho naye alikuja, akala manne, akamkonyeza. Kufikia saa saba mtungi ulikuwa umebaki na mafuta kidogo tu chini, na Wavinya akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Ndipo alipomwona Mbithe. Alikuwa ameketi miguuni pa Millicent, sahani mapajani, andazi kila mkono.

"Si umwache ale," Millicent alisema alipomwona Wavinya anakuja mbio. "Amenisaidia kugawa vikombe tangu asubuhi. Na leo ni siku ya Baba."

"Amekula mangapi?"

"Sijahesabu, Mama Mbithe. Ni mtoto."

Jumatatu mtaa mzima ulitapika. Ulikuwa uchafu usioelezeka. Watu walipanga foleni chooni, wengine hawakufika. Walitapika kitu cheusi chenye utelezi, kikaelea juu ya maji na kutoa rangi za upinde wa mvua. Kwa joto lile, harufu ilisimama ploti nzima kama mtu. Wakasema ni maji ya lori, maana mifereji ilikuwa imekauka. Kufikia jioni wote walikuwa wazima.

Mbithe hakutapika. Wavinya alimtia vidole kooni, akamnywesha maji ya chumvi, akamlaza tumbo chini kwenye goti lake. Hakuna kilichotoka. Mtoto alimtazama tu, akasema hana njaa.

Jumanne asubuhi shuka la Mbithe lilikuwa limemng'ang'ania. Wavinya alidhani ni jasho. Akalipangusa kwa kiganja, kiganja kikateleza. Akakinusa.

Rangi mbichi. Waya moto.

Ilipofika saa nane kamili, Mbithe aliacha kupumua. Hakulia, hakupapatika. Kifua kilisimama tu, kama feni iliyozimwa. Midomo ikaanza kuwa ya kijivu. Wavinya alimtikisa, akampulizia kinywani, na kinywa kile kilikuwa na ladha ya chuma. Kisha mtoto akateleza kutoka mikononi mwake, macho yamefumbwa, akatambaa kwa viwiko hadi uvunguni mwa kitanda, ambako Wavinya alikuwa ameuficha ule mtungi wa njano usiku wa Jumapili. Akaupindua. Akalamba mdomo wa mtungi.

Ssss. Tk.

Sauti ilitoka puani mwake. Ssss. Tk. Kifua kikapanda, kikashuka. Akarudi kuwa Mbithe, akauliza kwa nini mama analia.

Tangu siku hiyo ikawa ni kijiko. Kila saa nane, jua likifika pale pabaya, Wavinya alimtilia mwanawe kinywani kijiko kimoja cha yale mafuta aliyomkataza kwa kiboko, akamwona akimeza na kulamba meno. Mtoto alikuwa ameanza kuipenda ile ladha. Hilo ndilo lililomtapisha Wavinya.

Jumatano mafundi walileta transfoma mpya, stima ikarudi, watu wakashangilia. Wavinya alidhani sasa yatakwisha. Akaenda kwa Opicho, ambaye hakuwa ameonekana tangu siku ya mandazi, kumuuliza kama naye yamemkuta. Alimkuta chumbani, madirisha yamefungwa kwenye lile joto, ameketi sakafuni akiwa na kaptula tu. Ngozi yake iling'aa. Mafuta yalimtoka masikioni polepole, na yeye aliyakusanya kwa kidole, akayarudisha mdomoni.

"Mathe," alinong'ona. "Uko na ingine imebaki?"

"Ni ya mtoto."

"Kidogo tu."

Wavinya alirudi nyuma, akafunga mlango. Nyuma yake alisikia ulimi ukilamba sakafu.

Alhamisi mwili wa Mzee Kweyu uliletwa nyumbani kuagwa kabla ya safari ya kwenda magharibi. Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili ndani ya hema, likafunguliwa. Watu wakapanga mstari. Wavinya alimbeba Mbithe mgongoni, amemfunga leso mpaka shingoni ili ngozi isionekane, chupa ndogo na kijiko vikiwa kifuani. Hakutaka kwenda. Lakini jirani asiyeaga maiti huulizwa kwa nini.

Walifika mbele ya jeneza saa nane.

"Imeenda!" watoto walipiga kelele nje. Spika za kanisa zikakatika katikati ya wimbo. Joto likaingia chini ya hema. Mgongoni pake Wavinya alihisi kifua cha Mbithe kikisimama.

Ndani ya jeneza, kifua cha Mzee Kweyu kikapanda.

Suti ilijinyanyua. Tai ikasogea. Puani, kwenye pamba, kulitoka mlio mwembamba. Ssss. Tk. Tone la mafuta likachuruzika kutoka kona ya mdomo, likapita shavuni, likaingia kwenye mto mweupe. Wavinya alikuwa ameinama. Hakuna mwingine aliyeona.

Midomo ikaachana.

"Waambie."

Alielewa. Pumzi ilikuwa moja, nao walikuwa wawili. Angegeuka, akasema mbele ya watu wote, ni mimi, mafuta yalikuwa kwangu, Mbithe angerudishiwa pumzi yake. Alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Akageuka. Akawaona wale vijana walioapa, wamesimama nyuma ya hema, mikono kifuani. Akafikiria tairi. Akafikiria petroli.

Akamgeukia maiti.

"Nisamehe, Mzee," alinong'ona, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri. Kisha akamzungusha mtoto mbele, akajifunika leso kama anayelia, akamtilia kijiko. Kifua cha Mbithe kikapanda. Kifua cha Mzee Kweyu kikashuka, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyeachwa.

Millicent alimkumbatia. "Asante kwa kumpikia Baba," alimwambia sikioni.

Gari la maiti likaondoka. Baada ya hapo kijiko kimoja hakikutosha. Ikawa viwili, ikawa vinne, ikawa kikombe. Joto lilizidi, na transfoma mpya nayo ilianza kuguna. Kila mchana stima ilipotea, na kila ilipopotea Mbithe alidai zaidi. Nywele zake zilianguka kwa mafungu yaliyoshikana. Alipokanyaga sakafu aliacha alama zilizovuta inzi, na inzi walipotua hawakuruka tena. Wavinya alimlaza kwenye magazeti, akayabadilisha, magazeti yakalowa mafuta mpaka unaona upande wa pili. Lakini alikuwa mtoto wake. Alimbusu kwenye paji la uso kila usiku, kisha akaenda nje kutema.

Jumamosi ya wiki iliyofuata mtungi ulikwisha. Aliupasua kwa kisu, akaukwangua ndani, akapata nusu kijiko. Ilikuwa saa saba na nusu.

Akakimbia kwa Opicho. Safari hii alikuwa amekata shauri: apande tena, anyonye ile mpya, mtaa ukae gizani, atakayekufa afe. Ndiyo, alifikiri hivyo, na baadaye aliyasema mwenyewe kwa mdomo wake. Mlango wa Opicho ulikuwa wazi. Ndani hakukuwa na mtu. Sakafuni kulikuwa na kaptula, na chini ya kaptula doa lenye umbo la mtu, mikono imenyooshwa kuelekea mlangoni. Inzi walikuwa wamelijaza.

Aliporudi ilikuwa saa nane na dakika chache. Stima ilikuwa imeenda. Watu walikuwa wamejibanza kwenye vivuli, wamenyamaza kwa joto. Kitanda cha Mbithe kilikuwa kitupu.

"Mmemwona Mbithe?"

Hakuna aliyemwona.

Alama zilianzia mlangoni. Nyayo ndogo za mafuta, vidole vitano vitano. Zilivuka ua, zikapita lango, zikapita kibanda. Hazikuwa za mtu anayekimbia. Wavinya alizifuata mpaka kona. Zilifika kwenye nguzo ya transfoma, na hapo nyayo zikaisha, zikaanza alama za viganja. Kimoja. Juu yake kingine. Juu yake kingine. Viliendelea hadi juu kabisa, penye lile sanduku la chuma.

Hakukuwa na vya kushuka.

"Mbithe!" aliita. "Ni mimi! Ni mimi niliyepika! Yalikuwa kwangu!" Alipiga ukelele mpaka sauti ikapasuka. Aliwaambia wote, na vijana, na Millicent aliyekuwa amerudi jana yake kutoka mazishini, kila kitu, kuanzia mtungi wa kwanza hadi neno la maiti.

Transfoma ilinguruma mara moja, ikatulia. Feni zikaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba.

"Imerudi!" watoto walishangilia. "Imerudi!"

Hakuna aliyemgusa Wavinya. Wale vijana walitazama vile viganja, wakatazamana, wakaondoka mmoja mmoja. Polisi walitafuta wiki tatu. Mafundi walipanda, wakafungua, wakasema transfoma ni nzima, imejaa mafuta mpaka juu, na hawakutaka kupanda mara ya pili.

Sasa ni mwaka wa pili. Joto la Februari limerudi, kali kuliko lile. Mitaa yote ya jirani hukaa bila stima mchana kutwa. Katika mtaa ule stima haijapotea hata dakika moja. Watu wana friji, wana feni, wamehamia wengine kwa sababu hiyo tu, na hakuna anayelalamika. Ukiwauliza kuhusu mlio unaotoka kwenye transfoma saa nane mchana watakuambia ni kawaida, zote hulia hivyo. Hawa nao wananitia kinyaa kuliko hata mandazi.

Viganja bado vipo. Vimesuguliwa kwa sabuni, vimepakwa rangi mara mbili, misimu miwili ya mvua imepita juu yake. Wavinya hukaa chini ya nguzo siku nzima, na watu humpa chai. Mwezi uliopita Millicent alisimama karibu naye, akaweka kiganja chake juu ya kile cha chini kabisa, ili kupima. Mwaka jana vidole vya alama ile vilimfikia katikati ya vidole vyake.

Sasa vinalingana na vyake, na bado vina unyevu.